Kugawa Kanzidata kwa Vikoa vya Usimamizi: Anza na Mwenye Dhamana

Fungua programu ya kusimamia kanzidata katika ofisi nyingi za TEHAMA, na upande wa kushoto utakuta orodha ndefu ya seva iliyojikulia bila mpangilio. Moja imeandikwa "localhost", nyingine "seva mpya", nyingine "mpya2", na kadhaa zina anwani ya IP peke yake. Aliyeziunganisha anajua ipi ni ipi. Akienda likizo, mwenzake anabaki kubofya moja baada ya nyingine huku foleni ya watu ikirefuka dirishani kwa mhasibu.

Orodha hiyo inapangika, na kuipanga kwa vikoa vya usimamizi ni kazi ya siku chache tu kama ukianzia mahali panapostahili. Kikoa ninachokizungumzia ni kundi la kanzidata zilizo chini ya mwenye dhamana mmoja: kanuni moja ya nani aingie, ratiba moja ya nakala rudufu, na mtu mmoja anayepigiwa simu usiku zikikwama. Mifano yangu mingi itatoka kwenye PostgreSQL na pgAdmin, kwa kuwa zote mbili ni za bure na zimeenea, kisha nitagusa SQL Server na Oracle. Tuchukulie unasimamia mifumo ya chuo chenye kanzidata sita: usajili, ada, matokeo, maktaba, mishahara na zahanati.

Programu iache kwanza

Kosa la kawaida ni kufungua pgAdmin, kuunda makundi matatu yanayokuja kichwani haraka, na kuburuta seva humo. Mara nyingi makundi hayo hufuata mashine au aina ya programu: "Seva za Linux", "Seva za Windows", "MySQL zote". Mgawanyo wa namna hiyo humsaidia fundi anayeweka viraka vya usalama, lakini haumwambii mtu yeyote nani ana haki ya kuamua jambo juu ya data. Siku ukiihamisha kanzidata ya ada kutoka mashine moja kwenda nyingine, kikoa chake kinabadilika ilhali mhasibu mkuu ni yuleyule na sheria za ada ni zilezile.

Chukua karatasi. Kwa kila kanzidata andika nani, kwa cheo, anayeweza kusema "mpe fulani ruhusa" au "futeni rekodi hizi". Huyu si fundi. Kwa ada ni mhasibu, kwa matokeo ni ofisa mitihani, kwa zahanati ni mganga mfawidhi. Wewe wa TEHAMA ni mtunzaji. Dhamana ni yao. Ukikuta kanzidata ambayo hakuna anayekubali kuwa mwenye dhamana, usiitafutie kundi bado. Peleka suala hilo kwa uongozi, kwa sababu kanzidata isiyo na mwenyewe ndiyo hubaki na akaunti za watu walioacha kazi miaka iliyopita.

Swali la pili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, na ndilo linalorukwa: tukilazimika kuirudisha kanzidata hii ilivyokuwa jana saa sita mchana, zipi nyingine lazima zirudi pamoja nayo?

Angalia usajili na ada. Mwanafunzi anasajiliwa, anapata namba, kisha malipo yake yanaingia kwa namba hiyo. Ukirudisha usajili nyuma kwa saa tano na kuiacha ada palepale, utakuwa na malipo ya wanafunzi ambao mfumo hauwatambui. Hizi mbili hurudi pamoja au hazirudi kabisa, kwa hiyo ratiba yao ya nakala rudufu lazima iwe moja, hata kama wenye dhamana wanakaa ofisi tofauti. Katika hali hiyo wakalishe meza moja, wakubaliane nani atoe neno la mwisho siku ya dharura, na uyaandike makubaliano hayo. Maktaba haifungamani nazo kiasi hicho. Kitabu kilichoazimwa kinaweza kuingizwa upya kwa mkono.

Hapa ndipo umbile la injini ya kanzidata linapoingilia mpango wako. Katika PostgreSQL, kurejesha data hadi dakika fulani hufanyika kwa klasta nzima, yaani seva moja ya PostgreSQL pamoja na kanzidata zote zilizomo, maana kumbukumbu za mabadiliko zinazotumika kurejesha ni za klasta yote. Kama ada, maktaba na mishahara zinakaa katika klasta moja, huwezi kuichukua ada peke yake na kuirudisha jana saa sita hapohapo ilipo. Utalazimika kuanzisha klasta ya pembeni, kurejesha kila kitu humo, kisha kuitoa ada na kuihamishia kwenye klasta hai. Nakala ya `pg_dump` inachukua kanzidata moja, ndiyo, lakini inakurudisha tu kwenye saa ile nakala ilipochukuliwa. SQL Server yenyewe hurejesha kanzidata mojamoja. Kwa hiyo mgawanyo uleule wa vikoa kwenye karatasi unaweza kuhitaji seva mbili kwa PostgreSQL na seva moja kwa SQL Server.

Kuna sababu nyingine ya kutenga klasta. Katika PostgreSQL, akaunti na majukumu ni ya klasta nzima, hayakai ndani ya kanzidata moja. Mtumiaji mkuu wa klasta ni mtumiaji mkuu wa kila kitu kilichomo. Kama uongozi umesema fundi wa maktaba asiweze kabisa kuiona mishahara, na fundi huyo anahitaji uwezo wa mtumiaji mkuu kwa kazi zake, basi mishahara na maktaba haziwezi kukaa klasta moja. Ruhusa unazoweka ndani hazimzuii mtumiaji mkuu.

Tarakimu moja ya tofauti

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kodi za programu za watu duniani kote, alikuwa anahangaika usiku na seva mbili za PostgreSQL. Ya kwanza, db1, ndiyo iliyokuwa hai. Ya pili, db2, ilikuwa nakala iliyoachwa nyuma na hailingani tena na mwenzake. Alitaka kufuta folda ya data kwenye db2 ili aanze kuinakili upya. Amri ya kufuta aliiendesha kwenye db1. Aligundua ndani ya sekunde moja au mbili na kuisimamisha, lakini kati ya takribani gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4.5.

Walipokwenda kwenye nakala rudufu za kila siku, hazikuwapo. Programu ya kuzichukua ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati kanzidata ilikuwa 9.6, hivyo ilikuwa ikishindwa kimyakimya. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko nazo zilikuwa zinakataliwa zisifike. Waliokolewa na picha ya diski ambayo mhandisi alikuwa ameipiga kama saa sita kabla kwa ajili ya mazingira ya majaribio. Kazi ya saa hizo sita ilipotea: miradi ipatayo 5,000, maoni yapatayo 5,000, na akaunti mpya za watumiaji karibu 700. Kampuni iliyaeleza haya yote hadharani, na wasimamizi wa kanzidata tuna deni la shukrani kwake kwa hilo.

Nimekisimulia kisa hiki kwa ajili ya yale majina mawili. Seva iliyo hai na nakala yake zilitofautiana kwa tarakimu moja, na mtu aliyechoka usiku wa manane hasomi tarakimu. Miongoni mwa hatua walizojipangia baada ya hapo ilikuwa kubadili maandishi yanayotangulia amri kwenye kila seva, ili mtu aone waziwazi yuko mashine gani na mazingira gani. Fanya hivyo leo, kabla hujagusa kundi lolote. Programu ya `psql` kwa kawaida hukuonyesha jina la kanzidata tu, na kanzidata hai na nakala yake huwa na jina lilelile, kwa hiyo skrini mbili zitafanana kabisa. Katika faili la `.psqlrc` ongeza mstari huu:

`\set PROMPT1 '%n@%M/%/%R%x%# '`

Sasa kila mstari utaanza na jina la mtumiaji, kisha seva, kisha kanzidata. Na seva zenyewe zipe majina yanayotofautiana kwa neno zima: `ada-hai`, `ada-nakala`, `ada-majaribio`. Jina la kikoa litangulie, hali ifuate, na hali iandikwe kwa neno kamili. Vifupisho kama "p", "t" na "d" vinaokoa herufi chache na kugharimu usiku mzima.

Kundi la kwenye skrini halizuii mtu

Baada ya karatasi kukamilika, rudi kwenye pgAdmin. Bofya kitufe cha kulia juu ya mti wa seva na uunde kundi kwa kila kikoa: "Wanafunzi na Ada", "Matokeo", "Maktaba", "Mishahara", "Zahanati". Kisha fungua sifa za kila seva na uiingize kwenye kundi lake. Pale pale utaona nafasi ya kuchagua rangi ya mandharinyuma na ya maandishi. Chagua rangi moja kali kwa seva zote hai, katika vikoa vyote, na usiitumie kwingine popote. Watu hukosea kwa kuvipa vikoa rangi mbalimbali, skrini inakuwa kama kanga, na ile hatari inayotakiwa kuonekana inapotea ndani ya mapambo. Kikoa tayari kina jina la kundi. Rangi iache iseme jambo moja tu: hapa ni hai.

Kumbuka kwamba kundi la pgAdmin linashika seva, halishiki kanzidata mojamoja. Seva yenye kanzidata za vikoa vitatu itakaa kundi moja tu. Ukikwama hapo, unaweza kuisajili seva ileile mara mbili kwa majina tofauti, kila usajili katika kikoa chake, kwa akaunti tofauti. Inakubalika, ila ni dalili kwamba vikoa viwili vimebanwa kwenye nyumba moja na siku moja itabidi kimoja kihame.

Jihadhari pia na tofauti ya kuondoa na kufuta. Ukiondoa seva kwenye mti wa pgAdmin umeondoa usajili wake tu. Data iko salama na unaweza kuisajili tena. Ukishuka ngazi ya chini, ukabofya kanzidata na kuchagua kuifuta, umeiangamiza yenyewe. Mambo haya mawili yamo katika menyu zinazofanana, hatua chache tu kati yake. Anayesafisha orodha ya makundi asiwe ameingia kwa akaunti yenye uwezo wa kufuta kanzidata.

Na hapa nataka unisikilize vizuri. Makundi uliyoyaunda ni mpangilio wa skrini. Hayamzuii mtu kuingia popote. Mwenye nywila ya seva anaweza kuiacha pgAdmin kando, akafungua `psql`, akaingia. Nimeona taarifa za ukaguzi zikisema "ufikiaji umedhibitiwa kwa makundi" huku kila akaunti kwenye seva ikiweza kuunganishwa na kila kanzidata. Hilo linawezekana kirahisi, kwa sababu PostgreSQL, usipoiambia vinginevyo, humpa kila akaunti haki ya kujiunganisha na kila kanzidata mpya kupitia kundi la wote liitwalo PUBLIC.

Kwa hiyo kila kikoa kipe jukumu lake ndani ya seva yenyewe, jukumu lisiloweza kuingia kwa nywila, kisha watu uwape uanachama:

`CREATE ROLE ada_wasimamizi NOLOGIN;`
`GRANT CONNECT ON DATABASE ada TO ada_wasimamizi;`
`GRANT CONNECT ON DATABASE ada TO ada_mfumo;`
`REVOKE CONNECT ON DATABASE ada FROM PUBLIC;`
`GRANT ada_wasimamizi TO fundi_ada;`

Mstari wa tatu usiusahau. `ada_mfumo` ni akaunti inayotumiwa na mfumo wa ada wenyewe, na mara nyingi imekuwa ikiingia kwa mgongo wa PUBLIC bila mtu kujua. Ukiuruka na kumwondolea PUBLIC haki hiyo mchana, miunganisho iliyo wazi itaendelea kama kawaida, utadhani kazi imekwenda vizuri. Mfumo utagoma utakapojaribu kuunganishwa upya, pengine alfajiri baada ya seva kuwashwa tena, na wakati huo hakuna atakayekumbuka amri uliyoandika jana. Kabla ya kuondoa haki hiyo, angalia `pg_stat_activity` kwa siku kadhaa, zikiwemo siku za mwisho wa mwezi, uone ni akaunti zipi hasa zinazoingia.

Msimamizi wa zamu anayetakiwa kuangalia afya ya seva zote hahitaji kusoma data ya mtu. PostgreSQL tangu toleo la 10 ina jukumu la `pg_monitor` kwa kazi hiyo hasa. Mpe hilo na usimwongezee. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika mwaka 1975 kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa uwezo mdogo kabisa unaomtosha kuimaliza. Ukienda ofisi nyingi leo utakuta bado watu watano wanashirikiana akaunti moja ya `postgres`. Ukiwa na jambo moja tu la kufanya wiki hii, livunje hilo.

Kama mko mafundi kadhaa, orodha iliyopangwa isikae kwenye kompyuta ya mtu mmoja. pgAdmin inaweza kuitoa kama faili la JSON, na nywila hazimo ndani yake, kwa hiyo unaweza kulihifadhi pamoja na nyaraka nyingine za kitengo na kila fundi mpya akalipakia siku ya kwanza. Akiingiza nywila zake mwenyewe, anaona mti uleule unaouona wewe, lakini anafungua vile alivyopewa.

Ukiwa na SQL Server au Oracle

Katika SQL Server kuna utaratibu wa seva kuu ya usimamizi. Unachagua seva moja iwe daftari. Orodha ya makundi hukaa katika kanzidata yake ya `msdb`, na kila msimamizi anayeungana nayo huona makundi yaleyale. Haihifadhi nywila, kila mtu huingia kwa utambulisho wake wa Windows, kwa hiyo kundi linaonekana kwa wote lakini mlango unafunguka kwa mwenye haki peke yake. Ninaupenda mpango huu. Kuna majukumu mawili ndani ya `msdb`, moja la kupanga makundi na jingine la kuyasoma tu. La kupanga mpe mtu mmoja na msaidizi wake.

Uzuri wake ni kwamba ukibofya kundi na kuandika ulizo moja, linakwenda kwa seva zote za kundi na majibu yanarudi pamoja, kila safu ikiwa na jina la seva ilikotoka. Unaweza kuuliza kwa mara moja nakala rudufu ya mwisho ya kila kanzidata ilichukuliwa lini. Uwezo huohuo ndio hatari yake: amri ya kufuta nayo itakwenda kwa zote. Ndiyo maana ndani ya kila kikoa seva hai na za majaribio zinatakiwa ziwe katika makundi madogo tofauti, zisichanganywe hata kama ni mbili tu.

Oracle Enterprise Manager imekwenda mbali zaidi. Makundi yake ya usimamizi hujengwa juu ya sifa unazoipa kila kanzidata: idara, mahali, na hatua ya maisha yake, kuanzia ya maendeleo na majaribio hadi iliyo hai na ile ambayo shughuli haiwezi kwenda bila yake. Ukishaandika sifa hizo, kanzidata huingia kwenye kundi lake yenyewe na kupokea vipimo vya ufuatiliaji vya kundi hilo. Kanzidata moja haiwezi kuwa katika makundi mawili ya namna hii, na ukimpa msimamizi haki juu ya kundi, inashuka kwa wanachama wake. Hapa, tofauti na pgAdmin, kundi lina meno. Kwa sababu hiyo sifa ikiandikwa vibaya inaleta madhara ya kweli: kanzidata hai iliyoandikwa kuwa ya majaribio itafuatiliwa kama ya majaribio, na hakuna simu itakayolia diski ikijaa.

Zahanati ikae peke yake

Kanzidata ya zahanati ya chuo inaweza kuwa ndogo kuliko zote, na fundi atashawishika kuiweka pamoja na maktaba ili kuokoa mashine. Usikubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 vilevile. Sheria ya Kenya inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue data imevuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika. Katika saa hizo utaulizwa nani alikuwa na uwezo wa kuingia. Kama zahanati iko kikoa chake, klasta yake na majukumu yake, jibu ni majina manne. Kama iko pamoja na maktaba, jibu ni kila aliyewahi kupewa akaunti ya kuhudumia vitabu, wakiwemo wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Nakala rudufu za zahanati nazo ziko ndani ya kikoa chake. Wengi huufunga mlango wa seva kisha wakaiweka nakala kwenye diski ya pamoja inayofunguliwa na ofisi nzima. Data ya majaribio ni hivyohivyo: ukinakili zahanati hai kwenda kwenye seva ya majaribio bila kubadilisha majina na namba za simu, umeitoa kwenye kikoa chake, hata kama kundi la kwenye skrini linasema bado imo.

Mtu anapohama

Kikoa hupimwa siku fundi anapoacha kazi. Kama umewapa watu uanachama wa majukumu, unamtoa kwenye jukumu moja na haki zote za kikoa zinakwenda. Lakini huenda ameacha majedwali anayoyamiliki kwa jina lake, na PostgreSQL itakataa kuifuta akaunti yake mpaka yapate mmiliki mwingine.

Anza kwa `ALTER ROLE fundi_ada NOLOGIN;` ili asiweze kuingia tena. Amri hiyo haikati miunganisho aliyokwisha kuifungua, kwa hiyo itafute katika `pg_stat_activity` na uifunge kwa `pg_terminate_backend`. Kisha ingia katika kila kanzidata ya klasta, moja baada ya nyingine, na uendeshe `REASSIGN OWNED BY fundi_ada TO ada_wasimamizi;`, kwa sababu amri hii hushughulikia vitu vya kanzidata uliyomo tu, pamoja na vile vya pamoja vya klasta. Ikimalizika humo, endesha `DROP OWNED BY fundi_ada;` ili kuondoa ruhusa zilizobaki. Mpangilio huo usiugeuze: `DROP OWNED` ikitangulia hufuta majedwali yenyewe. Baada ya kanzidata zote kupitiwa, `DROP ROLE fundi_ada;` itakubali. Ikikataa, ujumbe wa kosa utataja kanzidata ambayo bado kuna kitu chake. Rudi huko, kisha ujaribu tena.